Anaumwa damu

Nyumbani kwetu ugonjwa wa mdogo wangu ulikuwa na jina moja tu: anaumwa damu. Ndivyo mama alivyowaambia majirani wa Unguja pale mtoto alipotahiriwa na damu ikachuruzika siku nne bila kukoma. Ndivyo alivyowaambia Waswahili wenzetu wa Portsmouth tulipohamia Uingereza. Na ndivyo alivyoendelea kuwaambia mpaka Februari 1995 tulipomzika, ingawa kufikia hapo sote wa ndani tulijua kwamba ndani ya hiyo damu mlikuwa na jambo jingine. Uongo ule ulikuwa mwepesi kuusema kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Nimekaa nao miaka thelathini. Mama na baba wametangulia mbele ya haki, mimi mwenyewe nina wajukuu, na mmoja wao anaumwa damu vilevile. Ndiyo maana naandika.

Jina lake la hospitali ni hemofilia, ugonjwa wa kuzaliwa nao. Damu inakosa protini moja kati ya zile zinazoigandisha. Kwa upande wetu ni ile wanayoiita kigandishi namba nane. Mwanamke huibeba kasoro hiyo mara nyingi bila kuumwa, na mwanawe wa kiume ndiye anayeweza kupata maradhi. Kwetu ilishuka kwa bibi. Mama alikuwa na kaka aliyefariki siku chache baada ya kutahiriwa, na watu wakasema katupiwa jicho. Mama mdogo naye alijifungua mtoto wa kiume mwaka uleule alipozaliwa mdogo wangu, 1966, na wote wawili wakatoka hivyo hivyo.

Watu hudhani hatari ni kujikata kisu. Kijeraha kidogo cha nje si kitu. Damu huvujia ndani, kwenye magoti, viwiko na vifundo vya miguu. Goti la mtoto linavimba mpaka linakuwa kama dafu, lina moto, mguu umekunjika haunyooki, naye analia usiku kucha. Bibi alikuwa akimkanda kwa maji ya moto, na mimi ndiye niliyeshika karai. Maji ya moto huzidisha kuvuja. Kinachotakiwa ni barafu. Nimekuja kulijua hilo baadaye sana, na lile karai linaniuma mpaka leo.

Baba alikuwa baharia, akatangulia Uingereza, sisi tukamfuata mwaka 1972. Mwanzoni mdogo wangu alitibiwa kwa mifuko ya sehemu ya damu yenye kigandishi, iliyohifadhiwa kwenye barafu. Ilibidi apelekwe hospitali, mfuko uyeyushwe, aketi na mrija saa nzima na zaidi. Lakini kila mfuko ulitoka kwa mtu mmoja aliyejitolea. Kisha, mwaka 1977, akapewa dawa mpya, unga mweupe wa kigandishi katika vichupa unaokaa kwenye friji ya nyumbani karibu na maziwa.

Mimi nilikuwa na miaka 15, nikafundishwa kumchoma. Nakumbuka kila hatua. Unachukua kichupa cha unga na kichupa cha maji, unavipasha kidogo mikononi. Unaingiza maji taratibu yateremke ukutani mwa kichupa. Kisha unakiviringisha katikati ya viganja, polepole, hutikisi. Ukitikisa kinafanya povu na dawa inaharibika. Unavuta kwa bomba, unafunga mkono kwa mpira, unatafuta mshipa kwa kidole kabla ya kuutafuta kwa jicho. Ukimaliza, unabandua kikaratasi cha kichupa chenye namba ya toleo na kukibandika kwenye daftari: tarehe, kiungo kilichovuja, vichupa vingapi. Daftari letu lilikuwa la shule, lenye jalada jekundu. Kazi ya kubandika ilikuwa yangu, nami niliipenda, maana kila kikaratasi kilikuwa siku moja ambayo hakulia.

Siwezi kuieleza furaha ile kwa mtu ambaye hakuyaona yale magoti. Alianza kwenda shule wiki nzima bila kukosa. Alijifunza kuogelea. Mwaka 1979 ikaja barua kutoka Unguja kwamba yule mtoto wa mama mdogo ameanguka kutoka kwenye mpera, hakuchubuka hata kidogo, akasema kichwa kinamuuma, akalala, asubuhi hakuamka. Mama alilia, kisha akasujudu kumshukuru Mungu aliyetutoa kule mapema. Niliona ni shukrani ya haki.

Kitu ambacho hakuna aliyetueleza ni jinsi unga ule unavyotengenezwa. Plazma, yaani majimaji ya damu, ya maelfu ya watu ilimiminwa katika pipa moja, na kichupa kimoja kilikuwa na chembe ya kila mmoja wao. Uingereza haikuwa na plazma ya kutosha, kwa hiyo sehemu kubwa ilinunuliwa Marekani, ambako watu walilipwa kuitoa, wakiwemo wafungwa. Mwaka 1975 waziri wa afya, David Owen, aliahidi kwamba nchi itajitosheleza yenyewe. Haikujitosheleza. Mtu mmoja mwenye virusi vya UKIMWI alitosha kulichafua pipa zima, na mgonjwa kama mdogo wangu alikuwa akitumia vichupa kadhaa kila wiki.

Katika daftari, Novemba 1981, kuna mstari wa mwandiko wangu: "homa, tezi za shingo, siku kumi, si goti." Aliumwa, akapona, tukasema mafua ya baridi. Sasa najua kwamba virusi vinapoingia mwilini huweza kujitokeza hivyo mara moja, kisha vikanyamaza. Sina njia ya kuthibitisha, ila mstari ule nimeusoma mara nyingi mno.

Julai 1982 Wamarekani walitangaza wagonjwa watatu wa hemofilia waliopata nimonia ya ajabu iliyokuwa ikiwaua watu wenye ugonjwa ule mpya. Mei 1983 Dkt. Spence Galbraith, aliyesimamia kitengo cha kufuatilia magonjwa ya kuambukiza Uingereza, aliiandikia wizara akishauri dawa zote zilizotokana na damu ya Marekani iliyotolewa baada ya 1978 ziondolewe. Hazikuondolewa. Sisi barua hiyo hatukuijua. Tulichokijua ni kwamba baba aliuliza kliniki, akajibiwa kuwa hatari ya kuacha dawa ni kubwa kuliko hatari ya kuitumia. Tukaendelea. Mikono iliyochanganya vichupa ilikuwa hii yangu.

Aliambiwa mwaka 1985, akiwa na miaka 19, peke yake, siku ya kliniki ya kawaida. Damu yake ilikuwa imeshapimwa miezi kabla bila yeye kuulizwa. Nesi aliyemshika mkono tangu utotoni siku hiyo alivaa glavu mbili, moja juu ya nyingine. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko maneno ya daktari. Mimi aliniambia jikoni, mama akiwa chumbani anaswali isha.

"Dada, ile dawa ina kile kitu."

"Kitu gani?"

"Kile cha magazetini."

Akaniapisha nisimwambie mama. Nikaapa. Januari 1987 serikali ilipopeleka kijitabu cha UKIMWI katika kila nyumba, mama alikiokota mlangoni na, kwa kuwa hakusoma Kiingereza, akaniuliza kimeandikwa nini. Nikamwambia ni mambo ya bili ya maji.

Tangu hapo ugonjwa ulikwenda kwa namna ambayo sikuitarajia. Nilidhani atakufa mwaka uleule. Lakini alimaliza masomo, akapata kazi ya kurekebisha redio na televisheni, akanunua gari bovu akalitengeneza mwenyewe. Watafiti wa hospitali ya Royal Free ya London waliwafuatilia wanaume 111 wenye hemofilia walioambukizwa kati ya 1979 na 1985, wakaonyesha kwamba umri wa mtu alipoambukizwa una uzito mkubwa: walioingiwa na virusi wakiwa wadogo walichelewa kuugua kuliko watu wazima. Hilo sisi tuliliona katika viti vya kliniki kabla ya kulisoma popote. Mzee mmoja Mwingereza, aliyekuwa akimpa mdogo wangu peremende tangu mwaka 1973, hakufika 1988. Vijana walibaki wakiangaliana.

Daftari likaanza kujazwa kwa nyuma. Mbele vikaratasi vya vichupa, nyuma hesabu ya chembe za CD4, zile askari wa mwili. Mtu mzima huwa nazo kati ya 500 na 1,500. Mwaka 1986 yeye alikuwa na 540. Mwaka 1988, 390, na mwaka huo akapata mkanda wa jeshi ubavuni. Mwaka 1990, 210, na utando mweupe ukaanza mdomoni. Alikuwa amekwisha anza AZT, dawa ya kupambana na virusi, vidonge kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Aliweka kengele chini ya mto ili mama asiisikie. Saa nane usiku nasikia mlio mdogo ukutani, kisha glasi ya maji.

Kosa letu kubwa miaka ile ni kwamba tulijua ugonjwa mmoja vizuri mno. Miaka ishirini ya hemofilia ilitufundisha kuisoma miili yetu ya nyumbani kwa lugha ya damu, na kila dalili tuliitafsiri kwa lugha hiyo. Amepungua uzito? Amechoka na kuvuja. Michubuko kila mahali? Ndiyo kawaida yake. Mwaka 1990 fizi zilitoka damu siku sita, nikamchoma vichupa juu ya vichupa, hazikukoma. Kumbe safari hii kigandishi hakikuwa tatizo. Virusi vilikuwa vimemshushia chembe sahani, zile zinazoziba tundu kabla damu haijaganda, na ningeweza kumwaga friji nzima mshipani bila faida. Tangu siku ile nikajifunza kuuliza "ni damu ipi?" kabla ya kufungua kichupa.

Na kinyume chake pia kilitokea. Kila doa la zambarau kwenye ngozi alilikodolea macho mbele ya kioo akiogopa saratani ya Kaposi, ambayo magazeti yote yaliionyesha. Daktari akamweleza kuwa kwa wagonjwa wa hemofilia saratani hiyo ni nadra sana. Mwaka 1994 ndipo iligunduliwa kuwa inaletwa na kirusi kingine kabisa, na kirusi hicho hawakukipata kwenye vichupa. Kwa hiyo lile lilikuwa chubuko la kawaida. Alicheka kwa furaha siku hiyo, wallahi, kwa sababu ya chubuko.

Nimonia ilikuja Oktoba 1991. Si kikohozi cha makohozi. Ni kikohozi kikavu, na ngazi za nyumba zikamshinda katikati. Ilibidi wamwingize kamera mapafuni, na kwa mtu wa hemofilia huwezi kumgusa ndani bila kumpa kigandishi kwanza. Wakanipa nafasi nimchome mwenyewe kwa sababu mishipa yake mimi ndiye niliyeijua. Vichupa vya wakati huo vilikuwa salama, vilipashwa moto kuua virusi. Lakini nilikaa pale, kichupa viganjani, naviringisha taratibu nisitie povu, na mikono ikagoma. Akanitazama akasema, "Viringisha tu, dada. Hiki hakina kosa."

Wiki hiyo mama akaambiwa. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye korido ya hospitali, kanga kichwani, akasema, "Yule wa kule amekufa kwa kukosa dawa. Huyu wa hapa nimemleta mwenyewe kuifuata." Tangu hapo sikumsikia tena kushukuru kwa ile safari.

Alipona nimonia, akawekwa kwenye Septrini ya kuzuia nimonia isirudi, ikamtoa vipele, akaivumilia. Mwaka 1993 akaambiwa, kama jambo la kupitia tu, kwamba ana homa ya ini aina ya C pia, kutoka kwenye vichupa vilevile. Karibu kila aliyetumia unga ule kabla ya kupashwa moto alikuwa nayo. Mwaka huo CD4 zilikuwa 30. Halafu akaanza kuona nzi weusi wanaoruka jichoni, akawa anawapunga kwa mkono. Kilikuwa kirusi cha saitomegalo kinachokula nyuma ya jicho, kinachowapata watu ambao askari wao wamekwisha. Wakamwekea mrija kifuani wa kupitishia dawa kila siku. Jicho la kulia likafa. Fundi wa redio mwenye jicho moja. Alibaki akitengeneza kwa kusikiliza.

Majirani wetu wa Kiswahili walikuja na masinia ya chakula, wakauliza. "Anaumwa damu." Kwenye kanda za kaseti tulizotumiwa kutoka nyumbani, jamaa walizungumzia UKIMWI wa Kagera, ule walioanza kuuita Juliana, kwamba ni ugonjwa wa wazinzi na waendesha malori, na baba alizima kinasa sauti akatoka nje. Sisi tulikuwa na ushahidi mezani kwamba ugonjwa hauchagui. Tukauficha. Tulidhani tunailinda heshima yake, na nadhani tulimnyima watu. Miaka kumi hakuwa na rafiki hata mmoja wa lugha yake aliyejua kinachomuua.

Alifariki Februari 1995, katikati ya Ramadhani, akiwa na miaka 28. Kampuni ya mazishi ilisema mwili utafungwa katika mfuko wa plastiki na hautafunguliwa. Baba hakuwahi kubishana na Mzungu maisha yake yote. Siku hiyo alisimama mlangoni akasema mwanawe hatakwenda bila kuoshwa. Mzee mmoja wa Makunduchi, aliyekuwa akiosha maiti wetu wote, aliitwa, na baba akamwambia kweli mbele yangu, kwa mara ya kwanza kuisema kwa Kiswahili: "Mwanangu amekufa kwa UKIMWI." Mzee akauliza tu kama kuna glavu. Akavaa, akaingia. Walikaa mle muda mrefu kuliko kawaida. Baba alipotoka aliniambia neno moja: "Pale penye mrija, pamba tumeibadilisha mara tatu."

Mwaka uliofuata zikaja dawa mpya za mchanganyiko. Wenzake wa kliniki waliokuwa kitandani wakainuka. Hazikuwa rahisi kwao, baadhi yake ziliwaongezea kuvuja damu kwenye viungo, na miaka ikienda ini ndilo lililowamaliza wengi wa waliookoka na UKIMWI, mpaka tiba ya kweli ya homa ya ini aina ya C ilipopatikana karibu miaka ishirini baadaye. Ila waliinuka. Mama alikutana na mmoja wao sokoni, amenenepa, akamshika uso kwa mikono miwili.

Watu wapatao 1,250 wenye magonjwa ya kuvuja damu waliambukizwa VVU Uingereza, kati yao watoto karibu 380, na robo tatu ya wote hao wamekufa. Tarehe 20 Mei 2024 Jaji Brian Langstaff alitoa ripoti ya tume yake akasema maafa haya hayakuwa ajali. Waziri mkuu akaomba radhi siku hiyohiyo. Niliisikiliza nikiwa na lile daftari mapajani. Mama alikuwa ameshakufa miaka sita.

Wanaonisoma mkiwa nyumbani, hasa akina mama: mtoto wa kiume akichubuka ovyo anapoanza kutambaa, au kama kwenu kuna mjomba aliyefia tohara, msimpeleke kutahiriwa kabla damu yake haijapimwa. Muhimbili kuna kliniki ya hemofilia. Dawa za msaada zinafika kupitia Shirikisho la Dunia la Hemofilia, na za leo si zile. Msiziogope kwa sababu yangu. Mtoto wa mama mdogo alikufa kwa kuzikosa. Ila muulizeni daktari dawa inatoka wapi na inasafishwaje, na mkijibiwa harakaharaka ulizeni tena.

Mjukuu wangu ana miaka tisa. Binti yangu aliibeba kasoro kutoka kwangu nami sikujua kama ninayo. Mtoto hachomwi mshipani. Ana sindano ya emisizumabu chini ya ngozi ya paja kila baada ya wiki mbili, dawa isiyotengenezwa kwa damu ya binadamu hata tone. Magoti yake ni membamba, yamenyooka. Anacheza mpira na hajui karai ni la nini.

Mimi ndiye ninayemchoma Ijumaa mama yake akiwa kazini. Nikimaliza, nalitoa daftari jekundu kabatini. Kurasa za katikati, kati ya vikaratasi vya mbele na hesabu za nyuma, zilibaki wazi. Naandika tarehe, paja la kulia au la kushoto, kisha namba ya toleo, herufi kwa herufi, naye ananisomea kutoka kwenye boksi.